ELIMU YA VIJANA WETU: Takwimu Si Hesabu ya Wavivu



Kila ifikapo Februari na Machi, watoto wetu walio katika madarasa ya juu ya sekondari hapa Marekani hurudi nyumbani na karatasi ya kuchagulia masomo ya mwaka ujao, na mzazi hutakiwa atie sahihi. Wengi wetu hutia sahihi bila kusoma. Wanaosoma, aghalabu, husita wafikapo kwenye mstari wa hesabu, kwani mtoto aliye hodari huwekewa njia mbili: kalkulasi au takwimu. Hapo ndipo ubishi unapozuka. Baba, ambaye siku zote ameota kuwa na mhandisi nyumbani, husema takwimu ni hesabu ya wavivu walioshindwa kuupanda mlima. Mama naye huuliza, je, mtoto apoteze mwaka mzima akitafuta wastani, jambo alilokwisha kufundishwa tangu utotoni?

Safu hii leo yaitetea takwimu, na yaitetea mbele ya baba huyo hasa.

Somo tunalolizungumzia ni lile liitwalo AP Statistics. AP ni mafunzo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo kikuu yanayofundishwa shuleni chini ya uangalizi wa College Board. Kalkulasi ilikuwamo tangu miaka ya 1950, lakini takwimu ilichelewa sana. Mtihani wake wa kwanza ulifanywa Mei 1997, na watahiniwa walikuwa kama 7,500 tu. Katika miaka ya karibuni huzidi 200,000 kila mwaka. Alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia kijana somo hilo apatapo 3, vingine hutaka 4 au 5, na vingine havihesabu kabisa, basi ni lazima kuuliza chuo chenyewe.

Tofauti ya takwimu na hesabu nyingine ni hii. Katika aljebra mwanafunzi hupewa namba akazifanyia kazi mpaka akapata jibu, wala hana haja ya kuuliza namba hizo zimetoka wapi. Katika takwimu hilo ndilo swali la kwanza. Kukokotoa ni kazi ya mashine, nayo humaliza kwa kufumba na kufumbua. Kazi ya mwanafunzi ni kueleza namba zilipatikanaje, zaweza kubeba neno gani, na neno gani haziwezi kulibeba. Katika mtihani, aandikaye 0.03 peke yake, asiseme 0.03 hiyo yamaanisha nini juu ya wagonjwa au wapigakura waliotajwa katika swali, hapati alama kamili hata kama namba yake ni sahihi. Ndiyo maana wako mabingwa wa kukokotoa wanaotaabika humo, na wako watoto wapendao kusoma na kuandika ambao hung'ara.

Mwalimu mzuri hulikazia mapema suala la sampuli, nasi jambo hili twalijua jikoni. Mpishi wa harusi mwenye sufuria la watu mia tatu hana haja ya kunywa nusu ya mchuzi ili ajue kama chumvi imetosha. Hukoroga mpaka chini, akachota upawa mmoja, akaonja. Asipokoroga, hata akinywa bakuli zima la juu, hataijua chumvi iliyotuama chini. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilituma kadi za kura zipatazo milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais wa Marekani. Zilirudi zaidi ya milioni 2, na gazeti likatangaza kuwa Landon atapata asilimia 57. Roosevelt ndiye aliyeshinda, tena kwa asilimia 61 hivi. Majina ya kutumiwa kadi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na katika dhiki ya uchumi ya miaka ile mwenye simu na gari hakuwa mtu wa kawaida. Isitoshe, wengi waliotumiwa kadi hawakuzirudisha. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa.

Msomaji aweza kusema hizo ni kura za Wamarekani wa kale, zatuhusu nini? Basi na tuje karibu.

Mwaka 1998 jarida la tiba la Lancet, la Uingereza, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake yaliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa upande mmoja, na usonji wa watoto kwa upande wa pili. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12. Hawakuchaguliwa kwa nasibu kutoka miongoni mwa watoto wote. Walikuwa wagonjwa walioletwa hospitali, na hapakuwa na kundi la watoto wengine wa kuwalinganisha nao. Ni upawa uliochotwa katika sufuria lisilokorogwa. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 537,303, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakaona kuwa usonji haukuwa mwingi zaidi kwa waliochanjwa. Mwaka 2010 Lancet yenyewe iliyafuta makala yale. Lakini neno lilikwisha kusafiri. Katika Minnesota, ambako ndugu zetu Wasomali ni wengi, kiwango cha watoto wao waliopata chanjo hiyo kilishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi asilimia 42 mwaka 2014. Mwaka 2017 surua ilizuka huko. Zaidi ya watu 70 waliambukizwa, na wengi wao walikuwa watoto wa Kisomali wasiochanjwa.

Hatuwalaumu wazazi wale. Walikuwa na watoto waliochelewa kusema, wakatafuta sababu, na waliokuja haraka kuwajibu ni wale wenye majibu mepesi. Twasema tu kwamba kijana wa miaka 17 aliyepita katika darasa la takwimu, lau angesikilizwa katika vikao vile, angeuliza mambo matatu: watoto wangapi, walipatikanaje, na walilinganishwa na nani? Maswali haya hayahitaji kalkulasi hata chembe. Lakini bila kufundishwa, ni wachache mno wanaoyauliza, na sisi wazazi ndio wa mwisho kuyauliza pale habari ituingiapo kwa simu kutoka kwa mtu tunayemheshimu.

Na kijana huyo akitaka kuona jaribio lililofanywa ipasavyo, atasomeshwa lile la chanjo ya polio la mwaka 1954. Katika sehemu iliyo bora ya jaribio hilo watoto wapatao 400,000 waligawanywa kwa nasibu. Nusu walidungwa chanjo, na nusu walidungwa sindano isiyo na dawa. Mtoto hakujua amepata ipi, wala daktari aliyempima hakujua. Waliougua polio walikuwa kama 28 katika kila 100,000 waliochanjwa, na 71 katika kila 100,000 wasiochanjwa. Mwanafunzi atatakiwa aeleze kwa nini ilibidi kupiga kura, na kwa nini ilibidi kuficha. Akiyaeleza hayo mawili kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha kulielewa somo kwa kiasi kikubwa.

Hapa ndipo mzazi asiyejua hesabu aweza kushiriki. Mwaka 1935 Mwingereza Ronald Fisher aliandika juu ya bibi mmoja aliyedai kuwa akionja chai hujua kama yaliyotangulia kikombeni ni maziwa au chai. Sisi tunalo letu. Katika nyumba nyingi yuko bibi ashikiliaye kwamba tui la kopo halimdanganyi, na kwamba wali wa nazi uliopikwa kwa nazi ya kukuna huujua kwa tonge la kwanza. Mwacheni mjukuu amjaribu. Apike sufuria mbili, mchele mmoja, chumvi sawa, moto sawa, kisha apakue vibakuli vinane, vinne vya kopo na vinne vya nazi ya mbuzi. Mpangilio wa kuvileta mezani uamuliwe kwa vikaratasi vilivyokunjwa, na avileteye asijue kipi ni kipi, maana uso husema hata mdomo ukinyamaza. Bibi aambiwe kuwa ni vinne kwa vinne, kisha avichague vinne vya nazi ya kukuna.

Njia za kuchagua vibakuli vinne katika vinane ni 70, na iliyo sahihi ni moja tu. Basi bibi akivipata vyote vinne, ama anajua kweli, ama amebahatika bahati ya mara moja katika 70, na mtu mwenye akili atasema anajua. Je, akipata vitatu na kukosa kimoja? Hapo wengi watasema amefaulu, kwani vitatu katika vinne ni vingi. Lakini hesabu yakataa. Njia za kupata vitatu ni 16, ukiongeza ile moja ya kupata vyote zinakuwa 17. Ni 17 katika 70, yaani karibu robo. Asiyejua lolote, anayekisia tu, hufika hapo mara moja katika kila nne.

Na sasa mjukuu anatakiwa aseme neno, na neno hilo ndilo gumu kuliko hesabu. Si haki kusema bibi hajui.

"Bibi, sikusema hujui. Nimesema vibakuli vinane havikutosha kunionyesha kuwa unajua."

"Basi pika tena, mjukuu wangu, na safari hii pika vingi."

Bibi huyo amekwisha kuielewa sura nzima ya kitabu.

Lugha ya namna hii huwatatiza sana wanafunzi. Hakimu asemaye kuwa ushahidi haukutosha hakusema mshtakiwa ni mtu mwema. Amesema haukutosha, basi. Mwanafunzi aandikaye katika mtihani kwamba "imethibitika hakuna tofauti", ilhali kilichotokea ni kukosekana ushahidi wa tofauti, hukatwa alama. Hali kadhalika lile jambo la uhakika wa asilimia 95 tunaloliona magazetini kila wakati wa uchaguzi. Lifananisheni na mrusha kimia. Samaki ametulia mahali pamoja chini ya maji, haonekani. Kimia ndicho kinachoangukia huku au kule, na mvuvi stadi humfunika samaki huyo mara 95 katika 100. Hiyo 95 ni sifa ya ustadi wa mvuvi. Kimia kikishatua, ama samaki yumo, ama hayumo. Mwambieni mtoto awaeleze hilo kwa Kiswahili. Akikwama katika Kiswahili, huenda hata kwa Kiingereza alikuwa amekariri tu.

Kwa kupita tu: mtoto atarudi siku moja na "jaribio la t la Student". Huyo Student si mwanafunzi. Ni William Gosset, aliyekuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, na aliyechapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la kujificha kwa kuwa waajiri wake walichunga siri za kiwanda. Msishtuke basi mkisikia habari za bia katika somo la hesabu.

Turudi kwenye ile karatasi ya kutia sahihi. Kijana atakaye uhandisi, fizikia au hesabu zenyewe asiiache kalkulasi, hilo halina mjadala, na akiweza kuyachukua masomo yote mawili ni bora. Lakini atakaye uuguzi, udaktari, saikolojia, biashara au elimu ya jamii, takwimu itamfuata chuoni apende asipende, na huko atailipia. Sharti la kuingia katika darasa hili ni kuwa amemaliza kozi ya pili ya aljebra. Zaidi ya hapo, yategemea mwalimu. Mkienda kuzungumza na mshauri wa masomo, msiulize tu ni wanafunzi wangapi waliofaulu mwaka jana. Ulizeni kama wanafunzi hukusanya data zao wenyewe, na kama huandika. Darasa ambalo mtoto hufundishwa kubonyeza vitufe tu ni hasara ya mwaka, hata akipata alama nzuri katika kadi ya shule.

Mtihani hufanywa Mei, ila kujiandikisha hufungwa mapema, kwa kawaida katikati ya Novemba, na akichelewa hutozwa zaidi. Ada hukaribia dola 100, na jamaa wenye kipato kidogo hupata punguzo. Ombeni punguzo hilo kwa mshauri wa masomo bila haya, kwani limewekwa kwa ajili hiyo.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya barua za mapendekezo ambazo walimu huwaandikia wanafunzi wanaoomba kujiunga na vyuo.