Mshipa Mkuu wa Moyo

Ndugu Waislamu, katika Sura Al-Haqqa, aya ya 46, Mwenyezi Mungu Ameutaja al-watin, mshipa wa moyo ambao ukikatika mtu haishi. Mshipa mkuu utokao moyoni hupanda, hujipinda kama upinde, kisha hushuka hata tumboni. Na upindeni hutoka matawi matatu yapelekayo damu kichwani na mikononi.

Shinikizo la damu, tumbaku na uzee huweza kuudhoofisha ukuta wake hata ukavimba. Mara nyingi uvimbe huo hauumi. Pengine sauti hukwaruza tu. Mwalimu mwenzangu hapa Iringa alikwaruza sauti miezi mitatu, nasi tukampa asali na tangawizi. Picha ya kifua ndiyo iliyoufichua uvimbe.

Zamani hapakuwa na njia ila kupasua. Mwaka 1990 Daktari Juan Parodi, huko Buenos Aires, alipitisha mrija wa kitambaa wenye waya katika mshipa wa paja mpaka penye uvimbe wa tumboni. Damu ikapita mrijani bila ya kuusukuma uvimbe. Upindeni kazi ni ngumu zaidi, kwani mrija ukiyaziba yale matawi, ubongo hukosa damu.

Jamaa zake walisema, "Tumwachie Mungu." Nikawajibu: Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kutawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Akasafiri Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Tumwombeeni.

Basi, enyi wa Mbeya na Iringa, wapelekeni wazee wakapimwe shinikizo la damu, na vidonge wasiviache. Wabillahi tawfiq.