Mambo ya Kale Yafundishwe Nyumbani

Wako wazazi wasemao kwamba historia ya kale ni kazi ya mwalimu. Karo imelipwa na vitabu vimenunuliwa. Mzazi amekwisha timiza wajibu wake, na yaliyobaki ni ya shule. Maneno haya nimeyasikia kwa watu wa heshima, tena wenye elimu, na nayapinga. Mzazi huyohuyo hasemi kwamba dini ni kazi ya shule peke yake, wala adabu. Kwa nini basi mambo ya kale ndiyo yatupwe nje ya mlango wake?

Husema kwamba hajui la kufundisha. Hajui, au hajatazama? Katika Kaunti ya Kilifi kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Humo, yapata miaka 78,000 iliyopita, alizikwa mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu au mitatu. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Na namna kichwa kilivyokaa yaonyesha kwamba huenda kiliegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kilioza zamani. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na wataalamu walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Katika makaburi ya watu wa namna yetu yaliyokwisha patikana Afrika, halijulikani la kale kuliko hilo. Je, yahitajiwa shahada gani kumsimulia mwana habari hii wakati wa kulala? Atauliza mwenyewe ni nani aliyemlaza, na kwa nini alimwekea mto. Darasani kengele italia kabla swali hilo halijajibiwa. Nyumbani usiku ni mrefu.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, wala siipuuzi. Yasemwa kwamba nyumbani watoto hulishwa hekaya, maana kila ukoo husifu babu zake. Ni kweli. Huko pwani watoto wengi walisimuliwa na bibi zao kwamba wazee wao walitoka Shirazi, nchi ya Uajemi, kwa vyombo vya bahari. Wako wasomi walioicheka habari hiyo wakaiita majivuno. Lakini vitabu navyo vilikuwa na hekaya zake. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948, alitoa kitabu mwaka 1954 akauita Gedi mji wa Waarabu, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Kisha mwaka 2023 ukatangazwa uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya makaburi ya kale ya Manda, Faza, Mtwapa na kwingineko. Ilionekana kwamba tangu yapata mwaka 1000 damu ya Uajemi iliingia pwani kweli, na aghalabu kwa upande wa wanaume; bali upande wa wanawake ulikuwa wa Kiafrika, na kwa wengi urithi wa Kiafrika ulizidi nusu. Basi bibi hakusema uongo. Alisema nusu. Aliwataja baba waliokuja akawasahau mama waliokuwapo; na yeye mwenyewe ni mama!

Dawa ya hayo si kumnyamazisha bibi. Mtoto afundishwe kuuliza kwa adabu, "Bibi, tumejuaje?" Akiisha zoea kumwuliza bibi yake, hatashindwa kukiuliza kitabu.

Mpeleke Gedi, karibu na Watamu. Hapo pana kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Mwache ahangaike kidogo kufahamu jinsi mwaka mmoja unavyopata hesabu mbili. Mweleze kwamba katika mji ule wa mawe vilichimbuliwa vyombo vya kauri vya Uchina, kisha mwulize vilifikaje, wala usimpe jibu upesi. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huo katika Urithi wa Dunia, na bado wako wazazi wa jirani wasiopata kupita langoni pake. Aliye mbali na pwani asitoe udhuru. Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa pasipo chokaa. Na Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, mashoka ya mawe yamelala chini hata leo.

Wapo pia wasemao kwamba mambo ya kale hayajazi tumbo. Wimbo wa kubembeleza mtoto nao haujazi tumbo, na hawajaacha kuuimba.

Nanyi wanafunzi msidhani kwamba nagombana na wazazi wenu peke yao. Mengi ya haya yamefukuliwa wao wakiwa watu wazima, wamekwisha toka shuleni; ninyi mmeyawahi. Nyumbani yuko mdogo wako asiyejua kusoma bado, na usiku huu, kabla taa haijazimwa, atataka hadithi. Mwanzie na yule mtoto wa pangoni.