Anayetaka kuacha pombe tumpe njia

Vijana wa Mbwajumali, tusidanganyane. Pombe iko kwetu, na wanywaji ni ndugu zetu. Sijaona bado aliyeacha kwa kusutwa barazani.

Haramu ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini katazo lenyewe lilishuka kwa hatua: Baqara 219, Nisaa 43, ndipo Maida 90. Ile ya Nisaa ilizuia kukaribia swala ukiwa umelewa, na swala ni tano. Saa za kunywa zikabanwa. Wewe unayeshindwa kuacha, anzia hapo.

Ukitoka baharini, pesa ya samaki mkabidhi mamako au mkeo kabla hujapita kwengine. Ile saa yako ya kunywa, nenda mpirani. Njia ya kwa muuzaji, ihame kabisa.

Ila kama mikono hutetemeka asubuhi mpaka uonje, usikate ghafla peke yako. Mwili uliozoea pombe kila siku waweza kuanguka kama wa mwenye kifafa, na mtu hufa. Nenda hospitali ya Faza, ama piga 1192 ya NACADA, ni bure. Daktari si kadhi, wallahi hatakuhukumu.

Nasi wa barazani, akija na soda yake, tumsogezee nafasi.