Coupage si malipo: vijana, semeni bei mbele ya kuandika

Hapa Likasi, toka Kikula hadi Panda, kuna vijana wanaoandika matangazo ya maduka, ya shule na ya famasi. Wengine ni watoto wa jamaa zilizokimbia vita. Mwenye duka anapokea maandishi, anayasifu, kisha anatoa « pesa ya transport ». Kijana anasema aksanti na kwenda nyumbani kwa miguu.

Tabia hii iko pia kwenye redio. Coupage, ile bahasha ya mwisho wa mkutano, imezoesha wakubwa kujipangia wenyewe bei ya maneno. Lakini fundi wa matofali hashiki mwiko mbele ya kupatana.

Tuhesabu. Dekreti ya Mei 2018 iliweka SMIG ya franka 7.075 kwa siku, na tangu hapo imepandishwa. Anayejitegemea hana kontra, hana anayemlipia dawa akiugua. Basi siku yake iwe juu ya SMIG, si chini. Ongeza mega, taxi-moto na kuchaji telefone. Taja jumla, omba nusu, patana kusahihisha ni mara ngapi.

Wengine watasema: mgeni akitaja bei, atakosa kazi. Mimi nasema: anayeandika bure leo anamfundisha mteja kwamba hata kesho ni bure, na mwenzake naye atalala njaa. Mteja ana pesa kidogo? Mpe tangazo fupi. Upunguze maneno, usipunguze bei ya siku yako.