Treni 'kusimama kwa muda': Mfanyabiashara ahesabu siku ngapi?

MVUA kubwa zinapopiga Kilosa na Mpwapwa, wanaotegemea reli ya kati hujua tangazo litakalofuata. Safari za abiria zimesitishwa kwa muda, au zimepunguzwa, hadi njia itengenezwe. Tatizo la wauza mawese na dagaa wa Kigoma, wachuuzi wa chumvi ya Uvinza na wafuga kuku wa Bahi na Kintinku ni kwamba tangazo la namna hiyo mara nyingi hutaja siku ya kusimama, lakini siku ya kurudi haitajwi.

Je, huo muda unaweza kugeuka kuwa moja kwa moja? Jibu liko Kaskazini. Treni ya abiria ya Moshi na Arusha ilisimama miaka ya 1990. Abiria walirudi Moshi kwa treni Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020. Mtoto aliyezaliwa treni iliposimama alikuwa mtu mzima iliporudi. Nchini Kenya nako, abiria wa Kisumu walikaa karibu miaka 10 bila treni kabla ya huduma kufufuliwa Desemba 2021.

Huduma za reli hazifi kwa amri ya siku moja. Kwanza injini zinapungua kwa ubovu, kisha safari nne kwa wiki zinakuwa mbili. Mwenye gunia zake za mpunga hawezi kungoja siku nne stesheni, hivyo anatafuta Fuso. Akishazoeana na dereva na dalali wa lori, kumrudisha si kazi ndogo hata nauli ya treni ikiwa nafuu. Mapato ya reli yanashuka, lakini gharama za kutunza njia, madaraja na wafanyakazi ziko pale pale. Hapo ndipo mtu ofisini anapofungua daftari na kusema abiria ni wachache, treni haijilipi. Hasemi kwamba uchache huo umeletwa na ratiba yenyewe.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalionyesha jinsi hali inavyoweza kuwa mbaya. Maji yalisomba tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, wakati kampuni ya TRL, iliyokabidhiwa kwa wabia wa RITES ya India mwaka 2007, ilikuwa tayari imelemewa. Hata hivyo, njia ile ilitengenezwa. Sababu ni nyepesi kueleweka: kipande hicho kikikatika, Tabora, Kigoma na Mwanza zote zinatengwa na bandari, na shehena ya nchi jirani inakwama. Njia yenye mzigo mzito wa kupita ina watetezi wengi. Ya Moshi ilikuwa na barabara ya lami pembeni yake, na mabasi tele.

Kwa hiyo mwenye hofu zaidi si mfanyabiashara wa Kigoma. Ni yule wa vituo vidogo kati ya Morogoro na Dodoma, ambako tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya SGR inawachukua abiria wenye haraka. Treni hiyo ni nzuri, ila si mahali pa matenga ya kuku wala magunia ya mahindi. Kenya ilipofungua SGR mwaka 2017, treni ya zamani ya abiria ya Nairobi na Mombasa ilikoma, na mji kama Makindu, uliokuzwa na reli, haukupata kituo cha abiria kwenye njia mpya.

Dhidi ya hofu hiyo kuna jambo moja la kutia moyo: mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, uliopitishwa mwaka 2014, ulitumika kuikarabati reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, takriban kilometa 970. Fedha za namna hiyo hazitiwi kwenye njia inayokusudiwa kuachwa kesho.

Mkulima asiyetaka kushtukizwa atazame mambo yanayoonekana kwa macho. Kiangazi kikianza, mafundi wako njiani au hawapo? Mkuu wa stesheni akihamishwa, analetwa mwingine? Mabehewa ya treni iliyosimama yameegeshwa, au yamepelekwa njia nyingine? Nyasi zikifunika mataruma msimu mzima na vibanda vikaanza kujengwa ndani ya hifadhi ya reli, tangazo la 'muda' limeshapitwa na wakati.

Vyama vya msingi na umoja wa wafanyabiashara wasingoje hatua hiyo. Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri lililo chini ya sheria ya LATRA linapokea malalamiko, na barua yenye hesabu ya magunia yaliyobaki stesheni kila wiki ina uzito kuliko kelele za mkutanoni. Bora iandikwe kabla ya masika, wakati bajeti ya matengenezo bado inapangwa.