Kisasi Hakifundishi

Wapenzi vijana, tumewasikia mkizisifu zile filamu za televisheni ambamo mwalimu anawindwa na mwanafunzi wake wa zamani. Simu za usiku, kivuli dirishani, kisu. Sisi tuliozeeka na chaki mikononi tunasema waziwazi: zinatudanganya.

Zinamfanya mwanafunzi kuwa mnyama na mwalimu kuwa malaika, wala haziulizi jeraha lilianzia wapi. Hapa Kapata tunajua. Wangapi walifukuzwa darasani mbele ya wenzao kwa kukosa minervali? Wangapi waliitwa wajinga na sisi tulioitwa walezi wao? Baadhi yao tunawaona leo kando ya ziwa Malo wakiosha madini, nao hutupita kana kwamba hawatujui. Kisu hakipo, jeraha lipo. Na tangu mwaka 2019, elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa, madarasa yamejaa. Ni rahisi kumwadhibu mtoto tusiyelijua hata jina lake.

Filamu 187 ya mwaka 1997 angalau ilithubutu kusema ukweli mmoja. Mwandishi wake, Scott Yagemann, aliwahi kuwa mwalimu. Humo mwalimu aliyejeruhiwa na mwanafunzi aliyemwangusha anageuka mlipiza kisasi, na mwishowe anakufa pamoja na kijana mwingine aliyekuwa akimsumbua. Kisasi hakikumbakiza hata mmoja.

Mtatujibu kwamba Kanisa nalo lina mwalimu aliyeuawa na wanafunzi wake. Ni kweli. Mapokeo yanasimulia kwamba Mtakatifu Kasiani wa Imola, tunayemkumbuka tarehe 13 Agosti, alifungwa akatiwa mikononi mwa wanafunzi wake, nao wakamchoma kwa kalamu za chuma hadi kufa. Lakini sisi walimu tusijifiche nyuma yake. Yeye aliuawa kwa ajili ya imani. Wengi wetu tunachukiwa kwa ajili ya fimbo na matusi yetu.

Katika Mathayo sura ya 18, Bwana anatuonyesha njia ambayo filamu hizo haziijui: umwendee aliyekukosea, mzungumze ninyi wawili peke yenu. Basi, kijana uliyeumizwa darasani, usimtamani yule mwenye kisu. Njoo ubishe hodi kwetu, useme. Nasi walimu, tukisikia hodi hiyo, tusianze kujitetea. Tuombe msamaha kwanza.