Konda Hahitaji Kujua Injini

Leo siongei kuhusu simu mpya wala drama ya nani ameachana na nani. Naongea kuhusu redio moja iliyoungua, usiku mmoja wa mvua, na kosa ambalo naona watu wengi wa projekti wanalirudia kila siku. Na niseme mapema: kosa lilikuwa letu, sio la mvua.

Baada ya mafuriko ya 2024, mimi na mabeshte wangu wawili tuliamua mto hautashtua mtaa wetu tena. Tukafunga kifaa cha kupima urefu wa maji chini ya daraja, kikiwa na betri na redio ndogo ya LoRa. Kila baada ya dakika tano kinatuma pakiti: maji yamefika hapa, betri iko hivi. Redio ya pili tuliiweka juu ya duka la Mama Kevo, ikaunganishwa na king'ora. Hakuna intaneti, hakuna bando. LoRa inatuma polepole lakini inafika mbali na haimalizi betri, na hicho ndicho tulitaka.

Ilifanya kazi poa kwa miezi kadhaa. Halafu maji yakaingia kwenye boksi la darajani, redio ikaungua. Tukasema hakuna noma, twende Luthuli tununue ingine. Tukapata, lakini ilikuwa na chipu tofauti. Ile ya kwanza ilikuwa SX1276, hii ilikuwa SX1262. Msee wa duka akatuambia, "Zote ni LoRa." Na hakudanganya. Ukizipangia mipangilio sawa, hizo chipu mbili zinasikizana hewani bila shida.

Shida iko upande wa ndani, pale programu yako inaongea na chipu. SX1276 unaiendesha kwa kuandika namba kwenye rejista zake, moja baada ya nyingine. SX1262 inataka amri, na kabla ya kila amri lazima ungoje pini inayoitwa BUSY ishuke. Hata ile pini ya kukuambia pakiti imefika, kwa ya kwanza ni DIO0 na kwa ya pili ni DIO1. Sasa kodi yetu, na simaanishi ile ya KRA, ilikuwa imejaa namba za rejista za SX1276 kila mahali. Zilikuwa kwenye sehemu ya kupima betri. Zilikuwa hadi kwenye sehemu inayoamua kama maji yamekuwa hatari. Kwani mto na chipu vinajuana wapi?

Kubadilisha hiyo kitu kulituchukua siku tisa. Usiku wa saba mto ukapanda. King'ora kikanyamaza, juu hakuna redio ya kukiambia chochote. Tulikuwa nje na tochi na filimbi tukigonga milango ya watu. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini unga na sukari ya Mama Kevo iliyokuwa stoo ilienda yote. Asubuhi akaniuliza, "Si mlisema hiyo kitu italia?" Sikuwa na jibu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Ukiandika programu ya redio ya pakiti, redio yenyewe ikae nyuma ya kiolesura kimoja kidogo, yaani mlango mmoja ambao programu yote inapitia. Redio ikifa, unabadilisha faili moja na maisha yanaendelea. Na huo mlango upimwe kulingana na kile programu inahitaji, sio vile chipu fulani imetengenezwa.

Angalia matatu. Konda akigonga bodi mara moja, gari inasimama. Akigonga mara mbili, inaenda. Hiyo lugha inafanya kazi kwa nganya mpya na kwa ile kuukuu inayotoa moshi. Konda haambii dereva aweke gia ya pili. Akihamia gari lingine kesho, anagonga vile vile. Kwa kompyuta pia, programu inayoendesha kifaa inaitwa dereva. Sisi tulikuwa tumeandika konda anayekanyaga klachi.

Mambo haya si mapya. Miaka ya 1980 huko Marekani, watu wa redio za ridhaa walikuwa wakitumiana pakiti hewani kwa protokali inayoitwa AX.25. Kati ya kompyuta na redio kulikuwa na kisanduku kinachoitwa TNC. Kisanduku hicho kilijua AX.25 yote chenyewe, na kiliundwa kiongee na binadamu aliyekaa kwenye kibodi: unachapa amri ya kuunganishwa na fulani, kinakujibu kwa maneno. Sawa kama wewe ni mtu. Lakini programu ikitaka kukitumia, ilibidi ijifanye mtu anayechapa, halafu isome majibu yaliyoandikiwa macho ya mtu. Phil Karn, aliyekuwa akiandika programu ya kupitisha TCP/IP kwa redio, hakuhitaji ujuaji wote huo. Alitaka pakiti zake zipite.

Mwaka 1987, yeye na Mike Chepponis wakatoa protokali inayoitwa KISS. Ni fupi mpaka unaweza kuieleza kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Pakiti inaanza na baiti 192 na kuisha na baiti 192. Baiti inayofuata ile ya kwanza inasema hii ni nini. Kwa redio ya kwanza, 0 ni data ya kutuma. Kuanzia 1 hadi 5 ni mipangilio michache, kwa mfano muda wa kungoja baada ya kuwasha kitumaji kabla data haijaanza kutoka. Namba 6 ni ya mambo maalum ya kifaa chenyewe. Na 255 inamaanisha toka kwenye KISS. Karibu yote ni hayo.

Karibu miaka 40 baadaye, bado inatumika. Dire Wolf, programu inayofanya kadi ya sauti ya kompyuta iwe TNC, inaongea KISS. APRSdroid ya simu za Android inaongea KISS. Vifaa vimebadilika kabisa, namna ya kugonga bodi imebaki ile ile.

Mimi naona walipatia mambo matatu.

La kwanza, hawakujaribu kuorodhesha kila kitu ambacho kila kisanduku kinaweza kufanya. Walianza na swali la programu: nataka kutuma, nataka kupokea, basi.

La pili, waliacha mambo ya haraka karibu na redio. Hewa ni ya kila mtu, kwa hivyo kabla ya kutuma lazima usikilize kama kuna mwingine anatuma. Hiyo ni kazi ya milisekunde, na kompyuta iliyo upande wa pili wa waya inachelewa. KISS iliacha kazi ya kungoja zamu ndani ya TNC. Kompyuta inapanga sheria tu: kwa kawaida, hewa ikiwa wazi, tuma kwa bahati ya moja kwa nne, ukikosa, ngoja milisekunde 100 ujaribu tena. Dereva ndiye anaona barabara.

La tatu ni ile namba 6. Walijua kila kifaa kitakuwa na kitu chake cha kipekee, kwa hivyo wakaweka mlango wa nyuma na wakauandika jina. Ukiutumia, unajua umetoka kwenye lugha ya wote. Sisi tulikuwa na milango ya nyuma pekee, na hakuna iliyoandikwa jina.

Lakini pia kuna kitu walikosa, na sitaki mtu aige kila kitu juu eti ni ya kitambo. KISS haijibu. Ukishampa TNC pakiti, hujui imetoka hewani saa ngapi, au kama imetoka. Hakuna njia ya kukuambia "ngoja, nimejaa." Baadaye watu waliongeza vitu vyao, kama SMACK iliyoleta hesabu ya kukagua kama data imeharibika kwenye waya kati ya kompyuta na kisanduku. Kiolesura kiwe kidogo, sawa, lakini kisiwe bubu. Kama king'ora ya mtaa mzima inategemea pakiti moja, programu lazima ijue kama hiyo pakiti imetoka.

Beshte yangu mmoja hakubaliani na mimi, na ana pointi. Anasema, "Buda, kila redio iko na nguvu zake. Ukizifanya zote zifanane, umelipia chipu nzuri halafu unaitumia kama ile ya bei rahisi." Mfano wake ni huu: LoRa inaweza kusomeka hata ikiwa dhaifu kuliko kelele ya hewani. Ukipima tu nguvu ya mawimbi, utaona kimya na kumbe kuna mtu anatuma. Ndiyo maana chipu za LoRa zina njia yao ya kutambua kama kuna LoRa ingine hewani. Redio ya aina nyingine haina hiyo. Sasa kiolesura cha wote kitaficha hii?

Jibu langu: inategemea umeuliza nini. Kiolesura kikiuliza "nguvu ya mawimbi ni ngapi?", umeshaamua vile redio itafanya kazi yake. Kikiuliza "hewa iko wazi?", kila dereva atajibu kwa njia anayoweza, na ya LoRa atatumia ule ujanja wake. Uliza unachotaka kujua, usiulize namna ya kukijua.

Pale nakubaliana naye kabisa ni kwamba redio hazifanani, na kujifanya zinafanana ni uongo wa hatari. Chukua pakiti ya baiti 20 kwa LoRa yenye upana wa 125 kHz. Kwa SF7 inakaa hewani kama milisekunde 57. Kwa SF12, ambayo inafika mbali zaidi, ni kama sekunde 1.3. Hiyo ni zaidi ya mara 20. Programu inayoita tu "tuma" bila kujua hiyo tofauti itajaza hewa na kumaliza betri. Ukubwa pia: LoRa inabeba hadi baiti 255 kwa pakiti, lakini zile nRF24 za bei ya chini mwisho wake ni 32. Kwa hivyo tofauti zisifichwe. Ziulizwe.

Sasa hivi kodi yetu ina mlango mmoja wenye maombi matano: tuma hii, kuna iliyofika?; pakiti kubwa kabisa ni baiti ngapi?; hewa iko wazi?; baiti hizi zitachukua muda gani? Na kila "tuma" lazima irudi na jibu: imetoka, imekataa, ama ngoja. SX1276 ina faili yake, SX1262 ina yake. Faili ya mto haijui hata kama kuna kitu kinaitwa SX.

Hatukuvumbua chochote. Maktaba ya RadioHead imefanya hivi kitambo: redio nyingi tofauti, zote unazitumia kwa maneno yale yale ya kutuma, kupokea na kuuliza urefu wa mwisho. RadioLib pia iko na yake. Kama unaanza leo, anza na hizo. Lakini hata ukizitumia, usimwage maneno yao kwa kila faili. Kuwa na mlango wako mwenyewe, juu maktaba nayo inaweza kuachwa siku moja, kama vile chipu inaweza kuisha dukani.

Na hapa kwetu hii inauma zaidi. Mtu mwenye pesa anaagiza redio 50 za aina moja na kuweka stoo. Sisi tunanunua moja moja, ile iko dukani wiki hiyo, na wiki ijayo ni ingine. Ukiandika programu inayopenda chipu moja tu, umeifunga kwenye shelfu ambayo huijazi wewe.

Juzi tulifanya jaribio mbele ya Mama Kevo. Tukatoa ile redio mpya ya darajani, tukaweka ya SX1276 tuliyoazima. Tukabadilisha mstari mmoja, tukapakia programu, tukatumbukiza kipimo kwenye ndoo ya maji. King'ora kikalia mpaka majirani wakatoka nje. Ilichukua kama nusu saa. Mama Kevo akasikiliza, akasema, "Sawa. Tutaona mvua ikija." Ana haki ya kusema hivyo.

Kama uko na projekti ya redio, iwe ni ya shamba, ya tangi la maji ama ya kuchezea tu, fanya kitu kimoja leo usiku. Fungua ile faili kuu, utafute jina la chipu yako. Likitokea kwa sehemu inayofanya kazi ya maana, ile sehemu watu wanaitegemea, litoe huko kabla redio haijaungua.